Mate ya Baraka na Sigara ya Umeme

Hapa Unyambwa najulikana kwa swali moja. Mtu akiniletea habari kwamba bei ya alizeti itapanda, au kwamba mzee fulani wa Ihanja amepona kisukari kwa kunywa majani ya mti asioujua jina, humwacha amalize, kisha humuuliza: "Uliona mwenyewe?" Wengi huaga. Nilipokuwa mwalimu wa kemia, na baadaye mkuu wa shule, swali hilo lilinifanya niogopwe. Tangu nistaafu limenifanya niachiwe benchi zima la kinyozi, nikae peke yangu, jambo ambalo nimelihesabu siku zote kuwa ni heshima.

Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyedanganyika katika habari hii. Hakudanganywa na mganga wala na mchuuzi wa mnadani. Alijidanganya mwenyewe, kwa utaratibu, kwa vipimo, na kwa kikaango.

Mjukuu wangu wa kike nimemlea tangu baba yake, mwanangu wa kwanza, alipofariki. Alikuwa bado hajaanza shule. Leo ana duka la mafuta ya alizeti mjini na huniamuru kwa sauti ileile ninayoitumia mimi kuamuru wengine, wala sijui alikoipata. Jioni moja, baada ya mavuno, alikuja akaketi karibu na miguu yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Una sura ya mtu anayetaka kitu."

"Nataka mate yako."

Sikushangaa. Uchumba wake na kijana wa Ilongero ulikuwa umekwisha kufikishwa kwetu, na katika ukoo wetu binti haondoki kwenda kwa mumewe kabla mzee wa ukoo hajamtemea mate viganjani, naye akajipaka kifuani. Huko ndiko kuagwa kwake. Yawe mate, si maji wala togwa. Nilipotoka chuoni, nikiwa kijana mwenye vyeti na ndevu tatu, niliwakalisha wazee wangu nikawaeleza habari za vijidudu vinavyoishi kinywani. Walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakanitemea, wakisema nimebarikiwa ulimi. Sasa wazee hao wote wamelala, na kwa upande wa wanaume mkubwa sasa ni mimi, pamoja na vijidudu vyangu.

"Mate utayapata," nilimwambia. "Mke wangu ananiacha, nami nimshike kwa nini?"

"Lakini yasiwe na sigara, babu."

"Mate hayana sigara. Kinachonuka ni—"

"Babu."

"Naam."

"Nilipokuwa mdogo nikikukumbatia, nilikuwa nazuia pumzi. Siku ile nitajipaka kifuani mbele ya wakwe zangu. Sitaki wadhani nimetoka kwenye tanuri la mkaa."

"Basi atatema babu yako mdogo wa Ihanja. Yeye havuti."

Aliondoa kijiti kilichoshika suruali yangu. "Akitema mwingine," alisema, "nitaondoka, lakini nitajua sikuagwa."

Nilizima sigara niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimevuta tangu chuoni, na nilikuwa nimewachapa vijana wengi kwa kosa la kunuka kama mimi.

Kuacha kulinitesa. Nilikuwa mkali kwa kuku. Zaidi ya hayo, jambo nisilolitarajia lilitokea: ufizi wangu, ambao kwa miaka yote ya sigara haukuwahi kunisumbua, ulianza kutoa damu kila nilipopiga mswaki. Nilitazama povu jekundu ndani ya beseni nikafikia hitimisho langu la kwanza la kisayansi, kwamba mwili wangu ulikuwa ukilia kwa kunyimwa haki yake.

Wakati huohuo mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuja kutusalimu. Aliniona nikimfokea jogoo, akatoa mfukoni kitu chenye umbo la kalamu nene ya kuandikia ubaoni.

"Baba, vuta hii. Ni sigara ya umeme. Sisi tunaiita vepu. Haina moshi."

"Nakiona kinachotoka. Nini kile?"

"Mvuke wa maji tu."

"Uliona mwenyewe?"

"Baba, kila mtu anajua."

"'Kila mtu' ni shahidi ambaye sijawahi kumwona akifika mahakamani."

Alicheka, akaniachia ile kalamu pamoja na vichupa vya maji yake, ladha ya embe. Mwingine angeivuta palepale au angeitupa chooni. Mimi nilikwenda mjini kununua mrututu.

Wakulima wa mboga wanaufahamu mrututu: ni chumvi ya shaba, mawe ya buluu ya kupulizia mimea yenye ukungu. Ukiikaanga, maji yaliyofungwa ndani yake huondoka, nayo hugeuka unga mweupe. Unga huo ukikutana na maji tena, hata kidogo, hurudia ubuluu wake. Ni jaribio safi kabisa la kutambua maji, na nimelifanya mbele ya wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Nilichukua kikaango kilichokuwa karibu, nikakaanga mawe yale hadi yakawa meupe kama unga wa muhogo, nikayaacha yapoe. Kisha nikavuta ile sigara ya umeme, nikaweka mrija midomoni, nikapuliza mvuke wote juu ya unga.

Uligeuka buluu.

Nilisimama jikoni nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nistaafu. Ndipo dada yangu akaingia. Ni mkubwa wangu, ni mjane, anaishi nyumba ya uani, na ndiye mtu pekee hapa Unyambwa ambaye bado namwamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Unapika nini?"

"Ukweli."

"Kwenye kikaango changu cha mayai?"

Nilimweleza kwa uangalifu kwamba chumvi za shaba ni sumu na kwamba kikaango kile kisitumike tena kwa chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo sitalitafsiri, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya adabu.

Ukweli ukishathibitishwa lazima utumike. Nilianza kuvuta asubuhi baada ya chai, nikaongeza mchana, na kwa kuwa kifaa kile hakiishi kama sigara inavyoisha, kikawa hakina mwisho. Sigara humwambia mtu, "Nimekwisha, inuka ufanye kazi." Ile kalamu haikuniambia neno. Nilivuta nikisoma, nilivuta nikipalilia, nilivuta nikisikiliza taarifa ya habari. Kaptula zangu zilinukia embe, na nyuki walinipenda.

Jambo lililonifanya nikate shauri kabisa ni ufizi. Muda si mrefu damu ilikoma. Povu la mswaki lilitoka jeupe, na ufizi ukawa umetulia, umepauka kidogo, bila malalamiko. Nilimwita mjukuu wangu aje atazame.

"Kabla ya kifaa, damu. Baada ya kifaa, hakuna damu," nilimwambia, midomo nikiwa nimeifunua kwa vidole. "Unaona? Hii ni dawa."

"Naona meno ya babu yangu," alisema. "Sioni dawa."

"Harufu je?"

Alininusa kama anayenusa maziwa ya jana. "Harufu ya sigara hakuna. Lakini kuna nyingine, babu, nyuma ya embe. Kama chungu kilichofunikwa kikiwa na ukoko."

Hilo sikulichukua kama ushahidi, kwani pua ya bibi arusi huwa na wasiwasi.

Wakati huo kinywa changu kilikuwa kimeanza kukauka. Asubuhi ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa kama stempu. Ugali ulinishinda kuumeza bila mlenda, na kanisani, nilipopewa kusoma somo, midomo ilibandukana kwa sauti iliyosikika hadi benchi la nyuma. Nililaumu upepo. Singida ni nchi ya upepo, anayebisha aje mwezi wa nane asimame kwenye miamba yetu akiwa amevaa kofia. Kila mtu husema upepo huu unakausha ngozi, unakausha visima, unakausha hata maneno. Nami, ambaye kwa maisha yangu yote nimekataa ushahidi wa "kila mtu", nilimkaribisha shahidi huyo, nikampa kiti.

"Unatoa mvuke kama birika," dada aliniambia siku moja, "na chai yenyewe hatuioni."

"Ni maji tu, dada. Nilipima."

"Kama ni maji, mbona unayanywa mchana kutwa na bado una kiu?"

Swali lilikuwa zuri, lakini aliyeliuliza hakuwa na sifa za kitaaluma.

Mwezi wa kuagwa ulipokaribia, dada aliamua tufanye mazoezi. Alisema hataki mchezo mbele ya watu wa Ilongero, kwa kuwa ni watu wanaokumbuka. Alisimama mbele yangu uani, akanyoosha kiganja.

"Nitemee."

"Sasa hivi?"

"Unangoja mwaliko?"

Nilikusanya. Nilivuta mashavu, nikauzungusha ulimi pande zote za kinywa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kisha nikatema. Ilitoka sauti ya paka anayepiga chafya, na baada ya sauti hakikufuata kitu.

Dada alikisogeza kiganja karibu na macho, akakigeuza. "Umenibariki kwa hewa."

"Ni kiangazi, dada. Upepo huu—"

"Upepo huu nami unanipiga." Akageuza kichwa, akatema. Mate yake yaliruka uani kwa urefu wa kuheshimika, yakamkuta kuku mgongoni, na kuku akaondoka. "Na mimi ni mzee kuliko wewe."

"Nitakunywa maji kwanza, siku hiyo. Nitayaweka kinywani."

"Maji ni ya kisima," alisema. "Mate ni ya mtu. Mtoto ameomba ya kwako. Ukimtemea ya kisima nami nikijua, nitasema palepale."

Najua angesema. Alinipa hindi la kuchoma ili anitulize, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto. Nililing'ata, nikasikia jino la mbele, la juu, upande wa kushoto, likisogea. Halikuuma. Lilisogea kwa upole, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti.

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda mjini, hospitali. Daktari wa kinywa na meno alipoinua macho kutoka kwenye karatasi zake, alisimama.

"Shikamoo mwalimu mkuu!"

Alikuwa mwanafunzi wangu. Katika shule yangu kila Jumatatu kulikuwa na ukaguzi wa usafi: wanafunzi walipanga mstari, wakaonyesha kucha, wakafunua meno, nami nikapita mbele yao nikiwa nimefunga mikono nyuma. Yeye alikuwa mmoja wao. Sasa alinilaza kwenye kiti, akawasha taa, akasema kwa sauti niliyoitambua kuwa yangu:

"Panua. Zaidi. Zaidi, mwalimu, usinionyeshe mlango tu."

Alipita jino kwa jino kwa chuma chembamba. Alipochomoa vyombo vyake aliniuliza navuta nini. Hapo nilipata nafasi niliyoingojea. Nikiwa bado chali, nilimsimulia jaribio langu lote: mawe ya mrututu, kikaango, unga mweupe, mrija, na ubuluu ule usiokanushika.

"Ulipuliza kwa mdomo?"

"Ningepuliza kwa nini kingine?"

"Samahani, mwalimu. Na kabla ya hapo ulipuliza pumzi tupu? Bila vepu?"

Nilitazama taa.

"Naomba kuuliza tu," aliendelea kwa adabu iliyonimaliza. "Pumzi anayotoa mtu ina nini?"

Nimeliuliza swali hilo kila darasa la kidato cha pili lililopita mikononi mwangu. Tulikuwa tukipuliza kioo, kioo kikaingia ukungu. Aliyeshindwa kujibu alisimama hadi kipindi kiishe.

"Mvuke wa maji," nilijibu.

"Vizuri, mwalimu."

Nilingoja aniambie niketi, nikakumbuka kwamba nimelala.

Kwa hiyo nilikuwa nimepima pumzi yangu. Kwa gharama ya kikaango cha dada nilikuwa nimethibitisha kwamba mwalimu mstaafu wa kemia bado yuko hai. Na hata kama mvuke ule ungekuwa na maji, jaribio langu halikuwa na uwezo wa kusema kwamba haukuwa na kingine. Mwanafunzi akiniletea hitimisho kama lile ningelichora msalaba mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

Daktari alinieleza mengine bila haraka. Maji ya vichupa vile yana gliserini na jamii yake, vitu vinavyovuta unyevu, navyo vinapopita kinywani mchana kutwa kinywa hukauka. Mate si ya kulainishia ugali tu. Ndiyo yanayosafisha meno na kuyapunguzia asidi, hivyo yakipungua vijidudu hujinafasi. Utamu wa embe nao huacha utando. Nikamwuliza kuhusu damu iliyokoma, nikiwa na tumaini dogo la mwisho.

"Kichupa chako kina nikotini," alisema. "Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi mgonjwa unatakiwa kutoa damu, mwalimu, ndiyo namna yake ya kupiga kelele. Sigara iliuziba mdomo miaka yote. Ulipoacha, ukapata nafasi ya kusema. Halafu ukauziba tena."

"Nami nikasema umepona."

"Uliuona umenyamaza. Ukadhani ni kitu kimoja."

Nilimtaka aseme wazi kwamba vepu ndiyo iliyolegeza jino langu, ili nirudi nyumbani nikiwa na mkosaji mmoja. Alikataa. Alisema hawezi kuigawanya lawama kati ya miaka mingi ya sigara na miezi michache ya vepu. Kwamba vifaa hivi ni vigeni, na mengi juu yake bado yanachunguzwa. Anachoweza kuapia ni ukavu na ufizi alioupima mwenyewe. Nilijivunia sana daktari huyo. Ndiye mtu wa kwanza mwaka ule kuniambia jambo bila kulizidisha, na nilikuwa nimemfundisha mimi, zamani, wakati bado nilikuwa na akili.

Alinisafisha ugaga wa meno, kazi ambayo sitaisimulia. Kisha akagusa jino la mbele kwa ncha ya kidole. "Hili limepoteza mshiko. Nilitoe leo?"

"Hapana. Lina kazi."

"Kazi gani?"

"Kusimama. Namuaga mjukuu wangu mbele ya wakwe, na siwezi kukaa mbele ya watu wa Ilongero nikiwa na dirisha."

Alicheka nyuma ya barakoa yake. Akasema nikiacha vepu siku ileile, ninywe maji mara kwa mara na nipige mswaki kwa upole, mate yangeweza kurudi taratibu. "Jino siwezi kukuahidi."

Niliitumbukiza ile kalamu ndani ya mfuko wa mrututu uliobaki, nikaufunga kwa kamba: vielelezo viwili vya kesi moja. Ufizi ulirudi kupiga kelele, nami safari hii niliusikiliza. Jogoo alihama, akawa analala kwa jirani. Mate yalianza kurudi, kidogo kidogo, kama mgeni asiye na uhakika kama bado anatakiwa. Dada alinipima kila alipokumbuka. "Umande," angesema akitazama kiganja chake. Siku nyingine: "Leo manyunyu." Mvua hakuwahi kuitaja.

Siku yenyewe ilikuwa na jua na, ndiyo, upepo. Watu wa Ilongero waliketi upande mmoja wa uwanja chini ya turubai, wetu upande wa pili. Kuku walikuwa wamepikwa, pamoja na yule jogoo, ambaye jirani alimrudisha kwa wakati. Mjukuu wangu alitoka ndani kwa gauni jeupe na khanga mabegani, akapiga magoti juu ya mkeka mbele yangu, akafungua viganja vyake viwili, akaviweka pamoja kama anayengoja kutiliwa nafaka.

Nilisema maneno ya wazee, ambayo ni mafupi. Kisha nikakusanya mate, na kinywa changu kikawa kama uwanda wa Singida mwezi wa kumi. Hofu hukausha, hilo halihitaji mrututu. Ulimi ulizunguka, ukarudi mtupu. Nilipata muda wa kuona mambo mengi: vidole vya mtoto huyu, ambavyo nilivifundisha kushika kalamu, na jinsi alivyokuwa haniangalii usoni ili asinifedheheshe. Mjomba wa bwana arusi alikohoa. Kando ya mkeka palikuwa na kikombe cha maji. Niliutazama ule ukingo wake, na naungama kwamba mkono wangu ulijongea.

Ndipo nikamwona dada. Alikuwa ameketi mstari wa mbele wa wanawake, kimya, akinikazia macho. Alifungua khanga yake pajani, akatoa nusu ya limau. Aliliinua taratibu, akahakikisha nimeliona, akaling'ata lile limau na maganda yake, akalinyonya kwa sauti, uso wake wote ukikunjamana kama karatasi inayofinywa.

Nimechora tezi za mate ubaoni kwa rangi tatu. Najua majina yake. Lakini sikuwahi kuzisikia zikifunguka zote kwa pamoja, zikichoma nyuma ya taya, kinywa kikajaa hadi nikaogopa kumwaga njiani. Niliinama, nikatema kwa nguvu zote za shukrani.

Mate yalifika. Jino nalo likafika.

Lilianguka katikati ya viganja vyake, likakaa humo, la kahawia, refu kuliko nilivyolijua. Mjomba wa bwana arusi alinyoosha shingo, akatazama, akanitazama mimi na dirisha langu jipya, kisha akauliza kwa heshima kubwa:

"Samahani wazee. Hii nayo ni desturi ya huku?"

"Ni kwa yule anayependwa sana," alijibu dada, limau likiwa bado shavuni. "Wengine hupewa mate matupu."

Akapiga kigelegele, na wanawake wote wakampokea, wa kwetu kwanza na wa Ilongero baada yao. Mjukuu wangu alikuwa anacheka na kulia. Alilifumba jino katika kiganja kimoja, na kwa kile kingine akajipaka kifuani, polepole, hadi karibu na shingo.

Kabla ya magari kuondoka alinifuata nyuma ya nyumba, nilikokuwa nimejificha nikisukutua damu. Safari hii ilikuwa nyekundu ya halali.

"Yalinuka?" nilimwuliza. Kwa pengo lile neno lilitoka na mluzi.

"Hayakunuka kitu, babu."

Kisha akafungua kiganja. "Unakumbuka siki?"

Nilikumbuka. Jino lake la kwanza lilipong'oka alitaka kulirusha juu ya bati na kumwomba panya ampe jipya, kama watoto wote wa hapa. Nilimwuliza kama aliwahi kumwona mwenyewe panya anayegawa meno. Kisha nikalitia jino lake kwenye glasi ya siki, ili ajifunze jinsi asidi inavyokula madini, na kila asubuhi nikamwita aje aangalie linavyoliwa.

"Utaniambia nini?" alisema. "Nilitie kwenye siki?"

Hakungoja jibu. Alirudi nyuma hatua chache, gauni na yote, akalirusha. Liligonga bati, likabiringika, likanyamaza.

"Sema, babu."

"Hilo ni jambo ambalo hakuna mtu—"

"Magari yananingoja."

Nilitazama kushoto na kulia. "Panya," nilisema kwa mluzi, "chukua jino bovu, nipe zuri."

Aliniinamia, akanikumbatia. Sikusikia akizuia pumzi.

Hadi ninapoandika haya, jino halijaota. Nimechungulia kwa kioo mara kadhaa, mlango ukiwa umefungwa. Nalitaja kwa sababu jaribio ambalo mwenye nalo hataji matokeo yake haliwi na tofauti yoyote na maneno ya kijiweni.